Diski ya Waingereza na Misiba ya Baraka

Ninyi bajeune, vijana wangu wa redio, mmeniganda tangu siku niliporudisha funguo za studio: "Mama Faila, andika, andika." Haya, naandika. Nitatumia Kiswahili cha shule pale nitakapoweza, na pale roho itakapopanda mtanisamehe, nitaandika chetu. Mshahara sitautaja, maana hata wenyewe haukuwa na tabia ya kujitokeza. Vyeo pia niviache, kwani fundi wa redio cheo chake ni kulaumiwa umeme ukikatika. Nataka kuwaambia habari za diski moja ya Waingereza, ile ambayo kartoni yake, yaani jalada lake, imepigiliwa ukutani mwa studio na nyie mnaipita kila siku mkidhani ni pambo.

Nilianza kazi wakati watu wa mji wetu wa Baraka, huku Kongo, walipokuwa bado wanarudi toka ukimbizini Tanzania. Kila asubuhi mashua zilitua na magodoro, kuku, na watoto ambao hawajawahi kuliona ziwa lao kutoka upande huu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimerudi majuzi tu, na ufundi nilioupata kambini wa kutengeneza redio ndogo za mkono. Redio yetu ilikuwa vyumba viwili vya tofali, gurupe ya kutoa umeme nyuma ya choo, na antena ya mabomba yaliyoungwa moja juu ya jingine. Niliingia na turnavisi yangu ya kufungulia skrubu nimeifunga kwenye ncha ya kitenge. Papa Asukulu, fundi mkubwa, akaniangalia toka kichwani hadi kandambili.

"We njo fundi?"

"Njo mimi, papa."

"Bamama banaogopaka moto ya umeme."

"Na bapapa banaogopaka nini?"

"Bapapa banaogopaka bamama," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanipa kitambaa laini na diski moja. "Pangusa. Toka katikati, zungusha. Usikamate mu uso, kamata pembeni."

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza katika utangazaji, bajeune, ilikuwa kupangusa vumbi. Mkiambiwa mpanguse mashine msinune.

Diski ile alikuwa ameipata ujanani, alipokuwa akifanya kazi kwa mwalimu mmoja Mzungu kwenye shule ya misheni. Mwalimu alipoitwa kwao, alimwachia sanduku zima la diski. Vita ilipokuja, Papa Asukulu akalifunga sanduku ndani ya wavu wa kuvulia ndagala, akavuka nalo ziwa. Mke wake, Mama Mauwa, hakumwachia neno hilo lipoe hata siku moja. Akija kumletea chakula studioni, alilisema mbele ya kila mtu: "Batu banakimbia na sufuria, bwana yangu anakimbia na Waingereza!" Nyingi za diski hizo zilipinda kwa jua la kambi. Moja Mama Mauwa aliifanya kifuniko cha chungu cha maharage, na anasema ilifunika vizuri sana. Ile ya Waingereza ndiyo iliyorudi nzima.

Kwenye kartoni kuna vijana waliosimama kando ya ukuta mchafu, nywele hazijaona kitana, nyuso za watu walioamshwa mapema. Niliwadharau. Kisha Papa Asukulu akawasha gurupe, akashusha sindano juu ya wimbo wa pili, nikasahau kitambaa mkononi.

Sisi tumelelewa na rumba. Gita zetu zinakimbizana kama bamama wanaotwanga kwenye kinu kimoja, na hakuna anayemgonga mwenzake mkono. Humu gita ilisimama mbele peke yake. Ilisema sentensi moja, ikanyamaza, ikangoja. Armonika, kile kinanda cha mdomo, ikaijibu kwa chini, kama muntu aliyekubali jambo asilolipenda. Ndipo gita ikavuta uzi mmoja mpaka sauti ikapinda. Ile namna niliijua. Ndivyo bamama wa Kibembe wanavyolia msiba: mmoja anaanza, anakata, wengine wanapokea.

"Papa, hawa Bazungu nani aliwafundisha kulia?"

Akafurahi kama aliyengoja swali hilo tangu ng'ambo ya ziwa. "Hii muziki haiko ya Bazungu, Faila. Batu ya upande wetu balipelekwa mashariki. Lakini bale ya mangaribi ya Kongo, na ya inchi zingine kule, balivushwa bahari na minyororo mupaka Amerika, mu mashamba ya pamba. Balilia kule mupaka kilio ikakuwa muziki. Halafu hawa batoto ya Uingereza bakaisikia mu diski, bakaipenda kufa, bakaitia umeme."

"Kwa hiyo baliiba."

"Soma kwanza hapa." Akanionyesha nyuma ya kartoni. Chini ya majina ya nyimbo nyingi kulikuwa na majina mengine kwa herufi ndogo, na hayakuwa ya wale vijana. "Baliandika benyewe balioitunga. Mwizi haandikake jina ya mwenye mbuzi."

Kama waliwalipa vizuri hao wenye mbuzi, kartoni haikusema, na mimi bado nina wasiwasi wangu. Lakini nimeishi na diski hiyo miaka yote ya kazi, na heshima yangu kwao imepanda tu. Kule Amerika kwenyewe, Papa Asukulu aliambiwa na mwalimu wake, wengi walikuwa wamewapa mgongo wale wazee weusi walioizaa. Ni kelele ya vijana hawa iliyofanya dunia iulize, "Hii mlitoa wapi?" na kwenda kuwatafuta wazee wale wakiwa bado hai. Na bendi zote za gita kali zilizokuja nyuma yao, hata zile ambazo watoto wenu wanasikiliza kwenye simu bila kujua, zimepita kwenye mlango walioufungua wao.

Nawaambia pia kama fundi. Walirekodi wote pamoja ndani ya chumba kimoja, sikio linakwambia. Gita imefunguliwa sauti mpaka mashine yake inakoroma, na waliacha ikorome. Kuna mahali kiti kinalia, na mpiga ngoma anavuta pumzi kabla ya kushuka. Fundi mwingine angefuta. Yule aliyekaa kwenye meza ya sauti siku hiyo alijua kwamba ukifuta pumzi umemfuta muntu. Mimi sijawahi kukata pumzi ya mama yeyote aliyekuja kusema kwenye mikro yetu, na hilo nilifundishwa na Mwingereza nisiyemjua jina.

Sasa nije kwenye komunike. Zamani hizo simu hazikuwepo. Muntu akifariki, ndugu walikuja redioni, na saa sita mchana tulisoma komunike ya kifo. Papa Asukulu ndiye aliyesoma, kwa sababu sauti yake watu waliiamini. Kabla ya kusoma alipiga ule wimbo wa pili. Hakuna aliyepanga hivyo. Aliupiga mara ya kwanza kwa kukosa mwingine, ukabaki. Baraka ikauzoea. Gita ikianza, bamama walisimamisha mwichi juu ya sombe, yale majani ya muhogo waliyokuwa wanatwanga, na wavuvi waliokuwa wanashona nyavu walivua kofia. Hapo ndipo jina liliposomwa.

Huko juu milimani, Minembwe, gita ile ilikuwa na kazi kubwa zaidi. Mawimbi yetu yalifika kule yamechoka. Maneno yaligeuka mvumo mtupu, lakini gita ile, kwa vile ililia taratibu na kuvuta, ilipenya. Wachungaji wa ng'ombe wakiisikia walijua kuna aliyekufa, wakabeba redio mbio hadi juu ya mgongo wa mlima ambako sauti inaingia safi, wakasikilize jina. Tuliurudia wimbo mara mbili kabla ya kusoma, ili wapate muda wa kupanda. Hakuna karatasi iliyoandika utaratibu huo. Watu wa chini na watu wa juu waliuelewa tu, hata katika miezi ambayo hawakuelewana kwa mengine mengi.

Na hapa lazima mjue kitu kimoja cha mashine. Sahani ya kuchezea diski inazungushwa na mkanda mwembamba. Mkanda wa kiwanda ulikatikia kambini, na Papa Asukulu akakata mwingine kwenye mpira wa ndani wa kinga yake, yaani baiskeli. Mpira wa baiskeli ni mnene na unateleza, lakini ulizungusha, na sisi tukasikia tulichosikia.

Siku moja tukaletewa mkanda mpya toka Bujumbura, mweusi, mwembamba, unanukia duka. Tulishangilia kama tumeletewa ng'ombe. Papa Asukulu akaufunga asubuhi, akazungusha sahani kwa mkono, akasema, "Inatembea muzuri." Gurupe hatukuiwasha, maana mazuti, mafuta yake, tuliiwekea matangazo. Ule mpira wa kinga ulikatwa vipande vya kufungia nyaya za antena.

Asubuhi hiyohiyo akaja Rukundo. Alikuwa mtu wa Minembwe, mfugaji, mrefu, kofia mkononi. Alikuwa amemshusha mama yake hospitali ya Baraka kwa machela, na alfajiri mama alikuwa amefariki.

"Tutamuzika keshokutwa muchana. Joto ya hapa haitatuacha tungoje," akasema. "Bandugu yangu na dada yangu bako kule juu. Kama banasikia leo, batatembea, batafika. Kama habasikii, batakuta kaburi."

"Batasikia," Papa Asukulu akamwambia. "Kaa pale mu kivuli."

Saa sita nikawasha gurupe, nikawasha emeteri ya kurusha mawimbi, nikashusha sindano. Mungu wangu! Gita ikatoka inacheka. Inaruka, ngoma inaifukuza, armonika inapiga mbinja, kijana anaimba kwa sauti nyembamba ya mtu anayekwenda harusini. Ng'ambo ya barabara motari mmoja wa pikipiki akaanza kuitikia kwa honi. Watoto wa jirani wakaingia kwenye uwanja wetu wanatikisa viuno. Mimi na Papa Asukulu tukaangaliana. Huu ulikuwa wimbo uleule. Mkanda mpya ulikuwa umeupa mwendo wake wa kweli, na sisi miaka yote tulikuwa tumewalia wafu wetu kwa ulegevu wa mpira wa kinga.

Rukundo akaja dirishani. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Papa, ulisema bandugu yangu batasikia. Hii iko nini?"

"Ni mashine, mwanangu..."

"Habatapanda mulima," akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamshuka. "Batasema Baraka iko na feti, banacheza. Batabaki palepale na ng'ombe yabo."

Nilijua anasema kweli. Na nilijua lingine ambalo hakulisema: kwamba kule juu watu wangeweza kuambiana Baraka imechezea maiti ya mama yao. Kukosa kumzika mama tu kulitosha kuwa uchungu.

Kwenye mashine hakukuwa na kitufe cha kupunguza mwendo. Kukata mpira mwingine kungechukua mchana mzima. Nikarudisha sindano mwanzo, nikaweka ncha ya kidole changu cha shahada pembeni mwa sahani, taratibu, kama unavyompima mtoto homa. Gita ikayumba. Papa Asukulu akafumba macho, akainua mkono hewani.

"Bado. Kaza kidogo. Hapana, umezidisha, inakufa. Legeza. Legeza... Njo pale! Usitoke pale, Faila!"

Na gita ikalia. Haikulia kama siku zote, kwa sababu kidole si mkanda, kina damu ndani yake. Kila nilipovuta pumzi ilitetemeka. Motari akaachia honi. Watoto wakasimama. Nikaurudia mara mbili, kisha Papa Asukulu akasogea kwenye mikro, akasoma jina la mama Namahoro wa Minembwe, na siku ya kuzika, na kwamba mtoto wake Rukundo yuko Baraka anawangoja.

Tulirudia komunike ile mchana kutwa, mpaka mazuti ikaisha. Papa Asukulu alijaribu kunipokea, lakini vidole vyake vizito vilisimamisha sahani kabisa. Ngozi ya kidole changu ilichubuka, nikaona malengelenge, nikaendelea. Rukundo alikaa chini ya dirisha, kichwa magotini. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama kuna mtu juu ya mlima. Redio ndivyo ilivyo, unasema na ukuta halafu unakwenda nyumbani kulala. Mimi sikulala.

Siku ya kuzika, jeneza likiwa limeshafungwa na mchungaji akiwa ameshafungua Biblia, tukawaona wanakuja kwa barabara ya Fizi. Walikuwa kundi zima, matope hadi magotini, fimbo mikononi, na mbele yao dada mkubwa wa Rukundo. Jeneza likafunguliwa tena. Walimwona mama yao, wakamtupia udongo kwa mikono yao. Baadaye dada yule akaniuliza nani anapigaga ile gita ya redio.

"Kwanza tulisikia ngoma," akasema, "tukajua iko batu banafunga ndoa. Halafu ikalia. Lakini ile siku ililia vibaya, ilikuwa inatetemeka sawa muntu. Bwana yangu akasema, huyu mwenye alikufa leo iko wa karibu. Tukapanda mbio."

Nikamwonyesha kidole. Akakishika kwa mikono yake miwili.

Tulirudi kwenye mpira wa kinga, bila shaka. Mkanda wa Bujumbura tukauweka kwenye droo. Lakini Jumapili baada ya ibada, Papa Asukulu alikuwa akiufunga, anafunga na mlango, anasikiliza upande mzima kwa mwendo wake. Siku moja nilimkuta anacheka na machozi.

"Balikuwa na furaha, Faila! Hawa batoto balikuwa na furaha. Na mi niliusikia hivi kwa mwalimu, kijana, kupitia dirisha. Nilisahau kabisa. Vita inasahaulisha muntu hata mwendo ya wimbo."

Nikakaa naye, tukasikiliza. Hapo ndipo nilipoielewa diski ile sawasawa. Kilio cha watu waliofungwa minyororo kilipita mikononi mwa vijana wenye furaha, kikatufikia sisi, na mpira wa baiskeli ukakirudisha kuwa kilio. Na kote kilikopita kilikubali, hakikuvunjika. Muziki unaoweza hivyo si wa kuchezea.

"Siku yangu ikifika," akaniambia, "komunike yangu muiache ikimbie. Nimesindikiza batu bote polepole. Mi nataka kwenda na mbio."

Siku yake ilifika mwaka mmoja kabla sijastaafu. Espérance, ambaye sasa anakaa kwenye kiti changu, alikuwa zamuni. Alikuwa na diski ile nzima ndani ya kompyuta, safi kuliko maji ya chupa.

"Mama, niitoe hapa? Mbio ama polepole, nabonyeza tu."

"Najua, mwanangu, na itatoka vizuri kuliko yangu. Lakini leo niachie."

Nikatoa mkanda kwenye droo. Nikapangusa diski toka katikati, nikaikamata pembeni. Nikamwachia ikimbie, kama alivyotaka. Barabara nzima ya soko ikacheza, hakuna aliyejua anamchezea nani. Msibani kwake, walinisimulia, redio ilikuwa katikati ya bamama, na Mama Mauwa aliposikia gita ile inaruka alisimama toka kwenye mkeka, akapiga makofi na kulia. "Munamuona? Amenikimbia tena na Waingereza yake!" Bamama wakacheka, wakalia, wakacheka.

Lakini kule juu, bado kuna vilima ambavyo simu haifiki, na watu wasingepanda kwa ngoma. Nikarudisha sindano mwanzo. Nikaweka kidole. Mikono yangu sasa ni ya uzee, ilitetemeka bila hata kupumua. Dirishani niliona soko linasimama, mtu mmoja mmoja, mpaka mwenye kuchoma mikeke, samaki wa ziwa letu, akashusha koleo lake. Nikasoma jina la Papa Asukulu mwenyewe, sauti ikanikatikia mara mbili, na pumzi zangu sikuzikata.

Siku ya tatu ya msiba Rukundo akaingia uwanjani kwa marehemu, nywele zote nyeupe, matope hadi magotini. Alikwenda kwanza kwa Mama Mauwa, akapiga magoti. Kisha akaja kukaa karibu yangu kwenye benchi.

"Mulikuwa mumetangaza jina?" akauliza.

"Tulitangaza. Hukusikia?"

"Jina haikufika. Upepo ilikuwa mingi," akasema. "Tulisikia kidole yako. Nikaanza kutembea."